Meza Iliyogeuzwa: Namna ya Kuandika Kisa cha Upelelezi Chenye Feng Shui Ndani Yake

Mtu anayetaka kuingiza feng shui, yaani ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba na vitu vyake, katika hadithi ya upelelezi hushawishika mapema sana kumfanya mpelelezi wake aingie chumbani, asisimkwe mwili, aseme kwamba hewa ya humu imekufa, kisha amnyoshee mtu kidole. Msomaji wa Kisumu, ambaye katika maisha yake amewaona waganga wa kutosha, atakiweka kitabu chini papo hapo, na haki itakuwa yake. Feng shui haifai kutoa jibu la kisa. Inafaa kwa jambo jingine, na jambo hilo lina thamani kubwa zaidi kwa mwandishi: katika nyumba ya mtu anayeifuata, kila kitanda, kila kioo na kila chungu cha mmea kina mahali pake, na mahali hapo pana sababu inayoweza kuelezwa kwa maneno. Kiti kikisogezwa katika nyumba yangu au yako, hakuna anayejali. Katika nyumba ya namna hiyo, kiti kilichosogezwa ni ushahidi. Maelekezo haya yote yametoka katika wazo hilo moja, nami nitayaeleza kwa mfano wa hadithi ya kubuni niliyoiweka Riat, kwenye vilima vinavyoutazama mji wa Kisumu kwa juu.

Anza na kifo, dira itafuata

Kabla hujasoma chochote kuhusu feng shui, andika katika aya moja kile kilichotokea kweli: nani alimuua nani, kwa sababu gani, saa ngapi, kwa kitu gani, na baada ya hapo alifanya nini ili asijulikane. Aya hiyo isiwe na neno chi (pumzi ya uhai katika feng shui) wala dira ndani yake. Yangu inasema hivi. Mfanyabiashara mstaafu, aliyekuwa akisafiri kwenda Guangzhou kwa miaka mingi kununua vigae na vyombo vya bafu, amekutwa alfajiri chini ya ngazi za baraza lake, kichwa kimepasuka. Jamaa wanaamini kwamba aliteleza, kwa kuwa jioni ya jana yake mvua ilinyesha. Kweli ni kwamba alipigwa usiku akiwa ameketi katika chumba chake cha kazi, na aliyempiga ni mshirika wake wa biashara, ambaye walikuwa wakivutana juu ya hati ya kiwanja. Kisha akabebwa hadi nje. Damu ilidondoka kwenye zulia chini ya kiti. Muuaji hakuwa na muda wa kuliondoa doa, akaisukuma meza juu yake hadi ukutani, na kiti akakiweka upande wa pili.

Tazama kwamba meza imesogezwa kwa sababu ya damu. Hakuna aliyeisogeza ili kuharibu bahati ya mtu. Kila kitu kitakachohama katika hadithi yako sharti kiwe na sababu ya kimwili ya namna hiyo, yaani kuficha, kupitisha, kuziba au kufikia. Ndipo feng shui ije kumwonyesha mpelelezi kwamba kimehama. Ukikosa sababu ya kwanza, huna kisa.

Tazama pia kwamba anayefuata feng shui katika mfano huu ni Mjaluo wa Riat aliyejifunza mambo hayo safarini. Ningekushauri sana ufanye vivyo hivyo. Mzee wa Kichina mwenye ndevu, anayetokea ukurasa wa 40 akiongea kwa mafumbo, amechakaa, tena ni dharau kwa watu tunaopanga nao nyumba na kununua bidhaa zao kila siku. Mfanyabiashara wa Kisumu aliyerudi na dira ya Kichina ndani ya begi, na ambaye mkewe humcheka anapozunguka nayo uani, ni mtu ambaye msomaji anamfahamu.

Upepo na maji

Feng shui maana yake ni upepo na maji. Kitabu cha Mazishi, maandishi ya kale yanayohusishwa na Guo Pu aliyefariki mwaka 324, kinaeleza kwamba chi, yaani ile pumzi inayoitia ardhi uhai, hutawanyika inapopeperushwa na upepo na husimama inapofika kwenye maji. Ndiyo maana mahali pema hutakiwa pawe na mlima mgongoni wa kuzuia upepo, na maji mbele ya kuituliza chi; na kwa kuwa mambo haya yalikomaa katika China, ambako jua la majira ya baridi huwa upande wa kusini na upepo mkali hutoka kaskazini, nyumba bora ilikuwa ile iliyoelekea kusini. Nyumba ya Riat yenye kilima nyuma na ziwa mbele, chini kabisa, inatimiza sharti hilo bila mwenyewe kuhangaika. Marehemu wangu alikinunua kiwanja kile kwa sababu hiyo, na ndicho kiwanja walichokigombania.

Mwandishi wa Kiswahili ana tahadhari moja ambayo wenzake wa lugha nyingine hawana. Wingi wa upepo ni pepo, na pepo ni hao hao wanaopungwa. Ukiteleza ukaandika pepo na maji, hadithi imekwisha kuhamia kwa mganga bila wewe kujua. Baki na umoja, au mwache jirani mmoja mwenye maneno mengi akosee kwa makusudi yako, asambaze uvumi kwamba marehemu alikuwa akifuga pepo wa ziwani. Uvumi huo utampa mpelelezi kazi ya ziada, na utamfaa muuaji.

Baada ya hapo chagua shule moja, kwa sababu feng shui si kitu kimoja. Wapo wanaosoma umbo la ardhi, yaani vilima, mito na barabara. Wapo wanaotegemea luopani, ile dira ya duara yenye miviringo mingi ya maandishi kuzunguka sindano ya sumaku, ambayo mmoja wa miviringo yake umegawanywa katika sehemu 24 zinazoitwa milima, kila moja ikiwa na nyuzi 15. Ipo pia shule ya Kofia Nyeusi, iliyoenezwa Marekani na Lin Yun kuanzia miaka ya 1980, ambayo huiacha dira kabisa na kuupanga bagua, yaani ule mchoro wa pembe nane, kwa kuanzia mlangoni: anayeingia husemwa kwamba kona ya mbali ya kushoto kwake ndiyo ya mali, mlango uelekee kokote. Wanaotumia dira huiweka mali upande wa kusini mashariki, ambao ni upande wa mti katika mpangilio wao wa elementi tano za mti, moto, udongo, metali na maji.

Hitilafu hii kati ya shule mbili ni zawadi kwa mwandishi wa kisa, nami nashangaa kwamba wengi huipita. Fikiria chumba cha kazi chenye mlango kwenye ukuta wa magharibi na dirisha kwenye ukuta wa kusini linalotazama ziwa. Marehemu, mtu wa dira, alikuwa na chungu cha mmea wa majani manene kwenye kona ya kusini mashariki, ambayo kwa anayeingia ni kona ya mbali ya kulia. Katika purukushani chungu kilivunjika. Muuaji alivikusanya vigae, akaenda kuchukua chungu kama kile barazani, na kwa kuwa alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kona ya mali ni ya mbali kushoto, na giza na hofu vilikwisha kumsahaulisha kile kilikuwa wapi, akakiweka kaskazini mashariki. Kwa macho yake amekirudisha mahali pake. Kwa macho ya anayejua, amejitaja kuwa mtu anayeifahamu feng shui kwa upande, na asiyekuwa mwenye nyumba. Angalizo moja tu: mlango usiuweke kwenye ukuta wa kaskazini, kwa maana anayeingia akielekea kusini ana mashariki mkono wa kushoto, na kona ya mbali ya kushoto itakuwa ile ile ya kusini mashariki; shule mbili zitakubaliana na kidokezo chako kitakufa. Chora ramani ya chumba kwenye karatasi, uandike pande nne, uibandike ukutani, na usiandike sentensi yoyote kuhusu samani bila kuitazama.

Ukiwa kwenye ramani hiyo, pima na uzito. Katika rasimu yangu ya kwanza muuaji alihamisha tangi la samaki badala ya chungu, na nilifurahi nalo hadi nilipopiga hesabu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu mmoja, usiku, kimya kimya, hawezi kulihamisha bila kwanza kuyamwaga maji kwa ndoo. Niliuondoa ukurasa mzima.

Tarehe nazo zinaweza kusema. Wafuasi wa tawi linaloitwa nyota zirukazo huugawa wakati katika vipindi vya miaka 20: kipindi cha nane kilikwenda kutoka 2004 hadi 2023, na cha tisa kilianza Februari 2024 na kitakwisha 2043. Mtu wa dira aliyejenga kabla ya hapo huenda akaipanga upya nyumba yake yote mwanzoni mwa kipindi kipya. Basi shahidi anayeapa kwamba aliketi na marehemu wiki iliyopita katika chumba kile, na anapoulizwa anaeleza kwa ufasaha chumba kilivyokuwa kabla ya Februari 2024, amekamatwa na kumbukumbu yake mwenyewe.

Huku si China

Sehemu hii ndiyo itakayoitofautisha hadithi yako na nyingine, kwa sababu mambo ya upepo, maji na jua huko Kisumu hayafuati vitabu, na mpelelezi mzaliwa wa hapa anayajua bila kusoma.

Chukua upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi ikapanda, na upepo wa ziwani ukaingia mjini kuujaza mwanya huo. Usiku nchi hupoa kwanza na upepo hugeuka, ukatoka vilimani kwenda ziwani. Mvuvi wa Dunga hupanga safari yake kwa mgeuko huo. Sasa mweke mshirika wa marehemu aseme kwamba saa sita za usiku, walipokuwa wakizungumza kwa amani, upepo wa ziwani uliipuliza pazia ya dirisha la kusini ikakiangusha chungu cha mmea. Mtu wa Nairobi atameza maneno hayo. Mtu wa Kisumu anajua kwamba saa hiyo pazia ya upande wa ziwani hulala ukutani au huvutwa nje. Lakini mwandishi mwaminifu hutaja hali ya hewa ya usiku ule mapema, kwa kuwa dhoruba huweza kuvuruga utaratibu wote. Andika kwamba mvua ilianguka jioni, kama ilivyo kawaida hapa, ikakatika saa mbili usiku, na usiku uliobaki ulikuwa mtulivu.

Jua nalo halikai kusini. Ikweta inapita Maseno, na mji wa Kisumu uko kusini yake kidogo tu, kwa hiyo jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini na kivuli huanguka kusini, na mwezi Desemba mambo hugeuka. Picha inayodaiwa kupigwa uani mchana wa Juni, na ambayo ndani yake kivuli cha nguzo kimeelekea kaskazini, ni picha ya mwezi mwingine. Ukitaka kuwa mwangalifu zaidi, kumbuka kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo iliyo mbali mashariki mwetu, hivyo Kisumu jua hufika juu kabisa yapata saa sita na dakika 40 mchana. Na ukitaka ucheshi, mwache marehemu, alipokuwa hai, abishane na rafiki zake kama kusini, ambako feng shui huweka elementi ya moto, bado ni moto mahali ambapo jua huhama kila baada ya miezi sita.

Jambo la tatu ni chuma. Sindano ya luopani ni sumaku kama sindano nyingine yoyote, na nondo za ukuta, milango ya chuma na mapaa ya mabati huivuta. Marehemu aliyekuwa na desturi ya kuupima mlango wa chumba chake kila mwanzo wa mwaka, akaandika nyuzi katika daftari, atakuwa ameacha safu ya namba zinazolingana. Mpelelezi akisimama pale pale na dira ile ile akapata tofauti ya nyuzi kumi na kitu, basi nyuma ya ukuta au chini ya sakafu kumeingia chuma ambacho mwaka jana hakikuwapo. Sanduku la hati linapatikana hivyo, na hakuna miujiza ndani yake.

Kuna kufanana kuwili ambako msomaji atakuuliza, hivyo kushughulikie mwenyewe. Kwanza ni vastu ya Kihindi, ambayo familia nyingi za Kisumu zenye asili ya India zinaifahamu, na ambayo nayo hupanga nyumba kwa pande za dunia, ila kwa sheria zake: jiko kusini mashariki kwa heshima ya Agni, mungu wa moto, na mahali pa sala na maji kaskazini mashariki. Mshauri anayejiita bingwa wa feng shui, kisha akaeleza sheria hizo, ametumia maneno ya duka jingine, nawe umepata mshukiwa wa kumpoteza msomaji kwa sura mbili au tatu. Usizidishe hapo.

Pili ni dala, yaani boma la Kijaluo. Huhitaji kumweleza msomaji wa magharibi mwa Kenya kwamba mahali pa nyumba pana maana, kwa maana katika boma la Kijaluo nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hukaa mwisho wa boma ikilitazama lango, na nyumba nyingine hufuata cheo cha mwenyewe. Feng shui, kinyume chake, hailipendi lango lililonyooka na mlango, kwa hofu kwamba chi itaingia kwa kasi kama mshale. Marehemu wa hadithi yangu alipanda safu ya michongoma kati ya lango la boma la babake na mlango wa mama yake mzazi, ili kuuvunja huo mstari, wazee na ndugu yake mdogo wakaing'oa, yeye akaipanda tena. Ugomvi huo wa michongoma unampa ndugu yake mdogo sababu ya kuchukiwa na kushukiwa, unachekesha, na unaeleza mtu alikuwa wa namna gani kwa haraka kuliko kurasa tano za wasifu.

Mpelelezi ambaye si askari

Mpelelezi wa ridhaa hana bunduki, hana kitambulisho cha kazi, na hawezi kumwita mtu kumhoji. Kwa hiyo mpe kazi inayomwingiza vyumbani mwa watu kwa halali, na inayomlazimu kukumbuka vitu viko wapi. Fundi wa samani wa Kibuye anafaa, na fundi umeme pia, lakini mimi nilimchagua mshona mapazia, nikamwita Mama Awino. Mshona mapazia huingia chumbani na futi, hupima dirisha, huuliza kitanda kitakaa wapi ili pazia isishikwe nacho, na huandika yote katika daftari lenye tarehe. Zaidi ya hayo, hakuna anayejua upepo wa Kisumu kuliko mtu ambaye wateja humlalamikia kwamba pazia imechanika. Yeye haamini feng shui hata kidogo. Anaifahamu kwa kuwa marehemu alimchosha nayo alipokuwa akipimiwa. Mpelelezi asiyeamini ni salama kwako, kwa sababu kila anapoitumia elimu ile ataisema kama desturi ya mtu fulani, kama vile angesema kwamba marehemu alikuwa hanywi chai yenye sukari.

Kidokezo kikuu kionyeshe kwa karibu, kikiwa kimefunikwa na kazi ya kawaida. Hivi ndivyo nilivyoandika pale Mama Awino anapoleta mapazia yaliyoagizwa kabla ya msiba na kumkuta Akinyi, msaidizi wa nyumbani, ambaye humwita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo:

Alipiga goti ili aone kama pindo linagusa zulia, na kiganja chake kikazama. Kilikuwa kishimo cha upana wa sarafu ya shilingi ishirini, nyuzi za zulia ndani yake zimelala kama nyasi mahali palipolala ndama. Akapapasa mbele kidogo akapata cha pili, kisha kando, cha tatu na cha nne.

"Akinyi nyathina, meza si ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapo, Mama. Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza ikae hapo. Alisema hawezi kuupa mlango mgongo hata akilipwa."

"Na nani ameisukuma ukutani?"

"Sijui, Mama. Asubuhi ile nilileta uji nikaikuta hivyo, nikasema labda ni yeye. Sijaweka bakuli chini, nikasikia mlinzi anapiga kelele huko nje."

Mama Awino alilifungua daftari lake. Ukurasa wa Machi ulikuwa na mwandiko wake wa haraka: chumba cha kazi, dirisha moja, sentimita 180, mzee hukaa kati ya meza na ukuta. Akalifunga. "Hebu nishikie tena ncha ya futi," alisema, "hili pindo limenishinda."

Katika kipande hicho msomaji amepewa kila kitu: meza ilikuwa wapi, iko wapi, na kwamba mwenye nyumba asingeisogeza kwa hiari yake, kwa kuwa anayefuata feng shui hupenda kuketi mahali anapouona mlango akiwa na ukuta imara nyuma yake. Hata hivyo, sentensi ya mwisho inarudi kwenye pindo, na wasomaji wengi watarudi nalo. Kanuni ninayoitumia ni kwamba kidokezo kisiwe kamwe katika sentensi ya mwisho ya aya, wala kisifuatwe na ukimya. Sheria ya feng shui inayohusika ielezwe sura mbili au tatu kabla, katika mazungumzo yasiyohusu kifo, na ielezwe na mtu anayeichoka; ukiieleza pale pale kwenye vishimo, umemwashia msomaji taa usoni.

Vidokezo vya namna hii vitatu vinatosha kwa kitabu kizima. Mimi nilibakiza meza, chungu na upepo. Picha ya Juni na dira nimeviweka kwa hadithi nyingine. Kila kimoja kiwe na ushahidi wa kawaida nyuma yake: chini ya meza kuna doa ambalo maabara inaweza kulipima, vigae vya chungu vimetupwa mahali, na usemi wa upepo umeandikwa kituoni katika taarifa ya shahidi.

Kuhusu polisi nitasema kwa ufupi. Kifo cha ghafla kimeripotiwa, namba ya OB, daftari la matukio la kituo, imetolewa, mwili umepelekwa kufanyiwa uchunguzi, na maafisa wa upelelezi wa jinai wana majalada mengine mezani. Usiwafanye wapumbavu. Afisa anayesema, "Mama, hati hii ya vipimo inanisaidia, lakini niletee kitu ninachoweza kusimama nacho mbele ya hakimu," amesema kweli, na amempa mpelelezi wako kazi ya nusu ya pili ya kitabu. Mama Awino asiing'oe meza mwenyewe kutazama doa. Ahakikishe inabaki ilipo hadi wenye mamlaka waisogeze, hata ikibidi amwambie Akinyi aufunge mlango na ufunguo aukabidhi kwa mzee wa nyumba kumi.

Kuwakutanisha washukiwa

Hadithi za ulaya hulazimika kutafuta kisingizio cha kuwaweka washukiwa wote ukumbini siku moja. Sisi tuna matanga. Mshirika, ndugu, mjane, mshauri wa vastu na mlinzi wote watakuja, na asiyekuja ataulizwa kwa nini. Kamati ya mazishi itakaa kila jioni, michango itasomwa kwa sauti, na ujumbe wa M-Pesa wenye saa na tarehe utaonyeshwa bila mtu kuona kwamba anatoa ushahidi. Zaidi ya hayo, feng shui ilianza kwa kiasi kikubwa kama elimu ya makaburi, na mtu aliyeifuata huenda akaacha maandishi kwamba azikwe kilimani akilitazama ziwa, wakati ukoo unataka dala. Mabishano ya namna hiyo si mchezo katika nchi hii: kesi ya mwaka 1987 kati ya Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager juu ya mwili wa mumewe, S. M. Otieno, ilifika Mahakama ya Rufani kabla ya mazishi kufanyika Nyalgunga. Katika kisa chako ugomvi wa kaburi utumike kuchelewesha mazishi, kwa kuwa kila siku inayoongezeka ni siku ambayo meza inabaki juu ya doa na muuaji anazidi kutafuta sababu ya kuingia tena chumbani.

Ufichuzi wenyewe uanzie katika jambo dogo. Kamati inahitaji mahali pa kuandikia, Mama Awino anamwomba mshirika wa marehemu, mbele ya watu na mbele ya afisa aliyealikwa kama mwombolezaji, amsaidie kuirudisha meza ya mzee mahali pake pa zamani kwa heshima yake. Watu wote wanaona kwamba hilo ni jema. Mjane anasema ndivyo mumewe angetaka. Mshirika anakataa, anasema ni nzito, kisha anasema si vizuri kugusa vitu vya marehemu, kisha anasema kwamba hata feng shui yenyewe inakataza, na anapoulizwa inakataza vipi anaanza kueleza kona ya mbali ya kushoto. Ndugu mdogo, yule wa michongoma, ndiye anayesimama na kuishika meza upande mmoja. Afisa anaishika upande wa pili, nao wanainyanyua pamoja hadi miguu minne inapoingia katika vishimo vyake.

Sura inayobaki baada ya hapo iwe fupi, kurasa tatu au nne, na ishughulike na mapazia ambayo bado hayajalipwa.